Sura Tisa za Majina

Mwezi uliopita mjukuu wangu Mbeyu alichuma kivumbasi uani, akakifikicha mikononi, akaja kunipaka shingoni ili mbu wasinisumbue. Ni mtoto mwenye huruma, hakujua anachokifanya. Harufu ile iliponiingia puani nilishika ukuta. Nikamwambia, "Mbeyu, nipe kigoda," nikaketi, na nilipoketi sikuwa tena bibi wa mtu. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, kule Kakuyuni, ndani ya chumba cha udongo chenye giza la mchana, na mama yangu Sidi ameegemea gunia la makumbi ya nazi kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Kivumbasi kilikuwa kimefikichwa kandokando ya kitanda chake, kuondoa harufu ya ugonjwa.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa, maana kila mmoja wetu ana chumba kama hicho ambacho hakijabomoka ingawa nyumba ilibomoka zamani. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la nne, lakini majina hayanipotei. Naweza kuwatajia wote walioketi barazani kwetu kila Jumatano wakati huo: Mama Mutindi, Dama wa Karisa, Kache, Nyevu aliyekuwa na jicho moja, Tabu mke wa fundi baiskeli, na mama yangu. Watu husema nina kichwa cha ajabu. Sina. Mimi nilifundishwa na woga kutomruka mtu, na leo nataka kueleza jinsi woga huo ulivyonishika.

Huyo Mama Mutindi ndiye aliyeleta Biblia nyumbani kwetu. Alikuwa Mkamba, mjane, aliyekuja pwani na mumewe kutafuta kazi, mumewe akafia huku naye akabaki, akiuza maharagwe na ndengu kwa kibaba. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, na wanawake wetu walimcheka mbele ya macho yake, naye akicheka nao. Mama yangu alikuwa amebatizwa karibuni tu. Alikuwa mtu wa kanisa kila Jumapili, na ikifika Jumatatu jioni amekwisha kugombana na mavyaa yake, hawe wangu Jumwa, juu ya maji au kuni. Hawe, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu.

"Mama Kadzo," Mama Mutindi akamwuliza mama siku moja barazani, akimwita kwa jina langu, "wewe unakula Jumapili peke yake?"

"Nala kila siku, japo muhogo."

"Sasa roho yako ulikosana nayo nini, unaipatia chakula Jumapili peke yake? Hii kitabu ni ya kila siku. Leo sura moja, kesho sura moja. Bila kuruka."

"Nami kusoma sijui, Mama Mutindi."

"Si uko na huyu?" Akaninyooshea mdomo. "Ama shule anaendanga kukunywa maziwa?"

Wakacheka wote, maana siku hizo shule zilikuwa zikitugawia maziwa katika vile vifuko vya pembe tatu, na tulikuwapo ambao kwa kweli tulifuata maziwa. Dama akasema, "Huyo akisoma kama anavyokunywa, mtakimaliza kabla ya mvua."

Basi tukaanza. Kila siku saa kumi, nikitoka shule, nilikaa kizingitini kwenye mwanga, na mama akakaa pembeni yangu akishona makuti ya kuezekea. Anakunja jani juu ya ufito, anapitisha uzi wa ukindu, anavuta, anachukua jani jingine. Mimi nasoma. Nilikuwa nikisoma kwa kugongana na maneno kama mtu apitaye chumba chenye giza, lakini mama hakunikemea. Alikuwa akisema tu, "Rudia hapo," na mkono wake haukusimama. Alipenda kuuliza mambo ambayo mwalimu asingeuliza. "Huyo mke wa pili alilala wapi siku hiyo?" "Na yule mtumwa wa kike, alipewa maji na nani?" Nikimjibu kwamba haikuandikwa, alisema, "Basi tumfikirie wenyewe," na tukamfikiria mpaka jua likahama.

Leo, nikiwa mzee, naona kilichokuwa kikitendeka pale mlangoni, ambacho wakati ule sikukiona hata kidogo. Hakukuwa na siku moja ambayo mama aliamka akiwa mtu mwingine. Lakini mvua za masika zilipita, vuli zikapita, na zilipokaribia masika nyingine nilitambua kwamba muda mrefu sijamsikia akigombana na hawe. Hawe naye alikuwa ameona, na ilimuudhi. Alikuwa akisogeza mtungi wa maji makusudi ili mama aseme neno, na mama aliurudisha mahali pake akaendelea na kazi. "Siku hizi ukimchokoza haitiki," hawe akamlalamikia jirani. "Nyumba imekuwa baridi."

Lakini mimi nilikuwa mtoto, na saa kumi ndiyo saa ambayo wenzangu walicheza rede nyuma ya kanisa. Nilizisikia sauti zao nikiwa nimeinamia sura. Nilisoma siku zote hizo kwa sababu ya mama, si kwa sababu ya Mungu, na kwa kweli Mungu nilimwona kama mtu anayenikawiza.

Ndipo tukafika Mambo ya Nyakati. Yeyote aliyewahi kuisoma Biblia kwa mpango, sura kwa sura, anapajua pale. Nilifunua ukurasa nikaona majina. Nikafunua mwingine, majina. Fulani akamzaa fulani, na wana wa fulani ni hawa, na majina yenyewe hayatamkiki, yamejaa herufi ambazo zikikaa pamoja ulimi unakwama. Nilihesabu: sura tisa, siku tisa nzima, na siku hiyo timu yetu ya rede ilikuwa imepungukiwa mtu mmoja. Mama hajui kusoma. Nikazikamata kurasa zile zote kwa vidole viwili nikazigeuza kwa mara moja, nikaanzia sura ya kumi, kwenye habari za mfalme aliyeanguka vitani.

Mama akasimamisha uzi. "Huyu mfalme si tulishamzika?"

"Ndiye yeye, mama. Wamemtaja tena."

Alinitazama kidogo. "Haya. Tumzike tena," akasema, akaendelea kushona. Nikasoma upesi upesi nikakimbilia mchezo wangu.

Sasa inabidi niwaeleze jambo la hawe, maana bila hilo hamtaelewa upumbavu wangu. Nyuma ya nyumba ya hawe kulikuwa na vigingi vya mbao vilivyosimamishwa kwa ajili ya wafu wa ukoo, tunavyoviita koma. Kila ilipofika siku yake, Mzee Ngala, mdogo wake marehemu babu, alikuja kuwamwagia tembo la mnazi na kuwataja kwa majina ili wakae vizuri na waliobaki. Kumwaga ilikuwa kazi yake, ila majina yalikuwa kwa hawe. Alisimama nyuma yake na kumsahihisha kama mwalimu: "Umemruka Mwambire. Rudi." Na Mzee Ngala akarudi. Mama alinikataza kwenda pale tangu alipobatizwa, nami nilikwenda, kwa sababu hawe alinipa kifuu cha tembo nikishike, na kushika kifuu kulinifanya nijione mkubwa.

Mwaka mmoja walimruka Kombe, aliyekufa kijana, hana mke wala mtoto wa kumdai. Hakuna aliyegundua. Wiki hiyo hiyo mguu wa Mzee Ngala ukavimba hata kiatu hakiingii, na hawe akalala akiwaza, asubuhi akapiga paja: "Kombe." Wakarudi, wakamtaja Kombe peke yake, wakamwagia, na mguu ukapungua. Mimi nilikuwepo. Niliuona mguu kabla na nikauona baada.

Basi miezi miwili baada ya mimi kuruka zile sura, mama alijifungua mdogo wangu Charo, na Charo alipotimiza arobaini, miguu ya mama ikavimba.

Ilianzia vifundoni. Hawe alibonyeza kwa kidole na shimo likabaki pale, halikurudi. Ikapanda magotini. Mama akaanza kusimama katikati ya njia ya kisimani akishika kiuno, akihema kama aliyekimbizwa. Baba yangu Kahindi alifanya kazi ya kufua mashuka katika hoteli kule Kikambala na alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Alipokuja akamkuta mama hawezi kuinua ndoo, akampeleka hospitali Malindi. Walikaa huko siku sita. Waliporudi, baba alimwambia hawe nje ya mlango, nami nikiwa ndani na Charo mgongoni, kwamba moyo wa Sidi umechoka kusukuma damu, kwamba yako madawa ya kunywa, na kwamba daktari alisema wamtunze.

"Wamtunze ndiyo nini?" hawe akauliza.

 Nilimsikia baba akivuta pua.

Sijui nisemeje jinsi nilivyokuwa siku zile. Nilijua kitu ambacho hakuna mtu mwingine aliyekijua katika nyumba ile. Baba alinunua madawa, Mama Mutindi akaja na wanawake wa Jumatano wakaomba wakilia, hawe akachemsha mizizi na kufikicha kivumbasi, nami niliwaona wote kama watu wanaochimba shimo mahali pasipo maji. Ni mimi. Watu wale wa sura tisa, wengi hivyo, nimewaruka wote kwa vidole viwili. Kombe alikuwa mmoja tu na alivimbisha mguu wa mzee mzima. Hawa walikuwa mamia, wazee wa Mungu mwenyewe, nao wamemshika mama yangu miguu yote miwili na sasa wanapanda kifuani.

Niliomba, lakini nilikuwa naomba nikijua siombi kweli, kwa sababu nilichotakiwa kufanya hakikuwa kuomba. Nilikonda. Mwalimu alinipa vifuko viwili vya maziwa nikavipeleka nyumbani kwa mama, naye akaweza kunywa robo.

Siku moja mchana, kila mtu akiwa shambani kupalilia na mama akiwa amesinzia, nilichukua Biblia, nikachota maji kwa kifuu kwa kuwa tembo sikuwa nalo, nikaenda nyuma ya nyumba ya hawe. Nikapiga magoti mbele ya vigingi. Nikafungua sura ya kwanza, nikaanza kuwataja, jina moja, tone moja la maji, jina moja, tone moja. Yale yasiyotamkika niliyatamka mara mbili, nisije nikakosea. Jua lilikuwa kali na kurasa ziling'aa hata macho yakaniuma, nikalia huku nasoma. Kifuu kiliisha nikarudi kuchota. Kiliisha tena. Nilikuwa sijamaliza hata nusu ya sura.

"Wamwita nani hapo?"

Hawe alikuwa amesimama na jembe begani.

"Watu wa Biblia, hawe."

"Watu wa Biblia." Akashusha jembe taratibu. "Mke mwenzangu, watu hao wana kwao. Wewe wawaleta kwangu. Watalala wapi?"

Ndivyo alivyoniita siku zote, mke mwenzangu, kwa utani wa bibi na mjukuu, lakini siku hiyo hakuwa akitania.

"Ni wangapi?" akauliza.

"Wengi, hawe. Sura tisa."

"Wamwaga maji kwa sura tisa za wageni mbele ya mume wangu? Simama. Simama kabla hujawamaliza." Akanishika mkono akaninyanyua, na aliponiona uso akaniacha. "Kuna nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuhusu rede na vidole viwili na mfalme aliyezikwa mara mbili, na kuhusu Kombe. Mtu mwingine yeyote angenicheka au kunipiga. Hawe hakucheka. Alikaa chini pale pale mchangani, kwa sababu katika watu wote duniani yeye ndiye aliyeelewa nilichokuwa nikisema.

"Uliwaruka wote?"

"Wote."

Akavitazama vigingi. Kisha akasema, "Hawa wa vigingini hawakuwa wanakusikiliza siku ile uliporuka. Ulikuwa ukimsomea nani?"

"Mama."

"Basi mrudie mamako. Mimi kitabu chenu sikijui."

Nilimkuta mama ameamka. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau na alikuwa akipumua kwa mabega. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Akasema, "Njoo. Mbona una mchanga magotini?" Nikamwangukia miguuni, juu ya ile miguu mizito iliyovimba, nikasema, "Mama, nisamehe, mimi ndiye nimekuugua." Nilikuwa nimechanganyikiwa hata sikuweza kupanga maneno.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sura tisa za majina. Najua."

Nikainua kichwa.

"Mama Mutindi alitwambia Jumatano, ulipokuwa shule. Alisema huko mbele mtakutana na siku tisa za majina, wengi huruka, nyinyi msiruke. Nikangoja. Siku ya majina haikuja."

"Mbona hukunipiga?"

Akavuta pumzi mara tatu kabla ya kujibu. "Nilitaka uniambie mwenyewe. Halafu..." Akatabasamu kidogo, na tabasamu lile silisahau mpaka niingie kaburini. "Halafu hata mimi siku ile nilikuwa nimechoka, Kadzo. Niliona heri."

Akanishika kichwa, akaniambia kwamba wale watu hawana hasira naye, kwamba Mungu hatumi maiti kumvimbisha mtu miguu, na kwamba ugonjwa wake ni moyo tu, kama pampu iliyozeeka. Alisema hivyo mara mbili. Sikumwamini. Nilimwona kama mtu anayenifariji. Lakini akasema, "Hata hivyo nisomee. Tulisema bila kuruka."

Tukaanza upya siku hiyo hiyo, saa kumi. Mama hakuweza kuvumilia sura nzima, kwa hiyo tulisoma nusu, au robo. Na kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kuuliza maswali kama zamani, aliitikia tu "ehe" kwa kila jina, kama mtu anayesikiliza habari za jamaa zake. Nikisoma jina akachelewa, nilinyanyua macho nikangoja. "Ehe," akasema. Nikaendelea.

Siku ya tatu au ya nne aliniuliza, "Hawa walifanya nini, Kadzo?"

"Hawakufanya kitu, mama. Walizaliwa, wakazaa, basi."

"Basi?"

"Basi."

Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mgongo mpaka kikapita. "Na bado wameandikwa," akasema. "Mimi nilidhani mpaka mtu apasue bahari." Kisha akageuza uso ukutani na nikaona mabega yake yakitetemeka, na sikujua kama bado anacheka. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi. Alikuwa na mtoto wa miezi mitatu ambaye maziwa yake yalikuwa yamekauka. Siku nyingine aliniambia, bila mimi kuuliza, "Naogopa. Nikisikia majina hofu inabaki nusu na kidogo tu. Zamani ilikuwa nzima."

Mama Mutindi alikuja karibu kila siku akitoka sokoni. Nilimngoja njiani jioni moja nikamwuliza kwa siri, "Shikamoo. Nikizimaliza sura zote tisa, mama atapona?"

Alitua gunia lake la ndengu. Watu wazima wengi wangesema ndiyo.

"Sijui, mtoto yangu. Mimi nilisomea bwana yangu Zaburi zote, mia na hamsini, na akaenda."

"Sasa mbona wasoma bado?"

Akafikiri. "Siku mimi sikusoma, nilibaki na kilio yangu peke yake. Siku nilisoma, kilio ilikuwa hapo hapo, lakini mimi sikuwa peke yangu na hiyo kilio." Akajitwika gunia. "Soma. Usisomee kupona. Soma tu."

Nilimchukia kwa jibu lile. Nilimchukia kwa miaka. Nilitaka mtu aniambie idadi ya kurasa, nami nizimalize, nipewe mama yangu. Nilikuwa nikikisoma kitabu kama mtu anayelipa faini. Sasa nimekisoma chote mara ambazo sizihesabu, kila siku, sura moja, nikiwa na mume na nikiwa sina, siku za harusi na siku za msiba, na neno la Mama Mutindi ndilo pekee ambalo halijanidanganya. Wengine husema wakisoma hupata amani mara moja. Mimi sikupata. Nilipata kitu kinachokua polepole sana, hata kwa miaka kumi nilifikiri hakipo, na nilikigundua siku mwanangu wa kwanza alipougua, nikaona kwamba naogopa, lakini siwatafuti tena walionikasirikia. Sikujua ni lini nilikoma kuwatafuta. Ilikuwa mahali fulani katikati ya siku hizo zote za sura moja moja.

Lakini wakati ule sikuwa na hayo. Nilikuwa na sura tu, na mama aliyekuwa akiisha.

Tulifika sura ya nane. Ilikuwa mchana, siku ya Alhamisi, na sikwenda shule kwa kuwa hawe alisema nisiende. Charo alikuwa amelala. Baba alikuwa ameitwa kutoka Kikambala na alikuwa njiani kuja. Mama aliniambia, kwa sauti ambayo ilinibidi niweke sikio mdomoni kwake, "Tusingoje saa kumi leo."

Nikasoma. Alikuwa akiitikia kwa shida, ehe moja kwa majina mawili, kisha moja kwa matatu. Nilipunguza mwendo. Nikasoma jina, nikangoja. Nikasoma jingine, nikangoja. Kisha nikasoma jina na ehe haikuja. Nikafikiri hakunisikia. Nikalirudia kwa sauti. Nikalirudia tena, kwa sauti ya kupita kiasi, mpaka Charo akaamka akaanza kulia, na bado sikugeuza uso kutoka kwenye ukurasa, kwa sababu nilijua nikigeuza itakuwa kweli. Niliweka kidole juu ya jina lile, sikukiondoa.

Hawe aliingia akifuata kilio cha Charo. Akamwinamia mama. Sikumtazama, lakini niliusikia mkono wake ukipita usoni mwa mama, ngozi kavu juu ya ngozi, na pumzi aliyoivuta. Nilingoja apige ukemi ili majirani wajue. Hakupiga. Alimchukua Charo akamweka begani, na nyumba ikawa kimya.

"Hawe," nikasema, "niache?"

Nilimsikia akimpigapiga Charo mgongoni. Kitabu kile hakuwahi kukitaka ndani ya nyumba ile.

"Wamebaki wangapi?"

Nikahesabu kwa kidole. "Kumi na mmoja, sura hii."

Alikaa chini sakafuni, akanyoosha miguu yake, Charo kifuani. Mkono mmoja akaupeleka kitandani, akaushika mguu wa mama uliovimba, akaukalisha pale.

"Wasome," akasema. "Mimi nitaitikia."

Nikasoma jina.

"Ehe," akasema hawe.